Farasi Yumo, Delmas Hayumo

Farasi katajwa. Ndiyo, farasi. Ukigeuza nyuma ya ile albamu ya Conrad Dell ya mwaka sitini na sita, ile iliyokuwa haikosekani nyumba yoyote ya Tennessee, utakuta wameshukuriwa watu kumi na saba: prodyuza, mpiga picha, fundi aliyeshona suti ya vioo vioo, kinyozi, mchungaji wa kanisa la mama yake Conrad, na mwisho kabisa, kwa herufi za kulala, "na Duchess, farasi wangu mwaminifu." Mpiga besi hayumo. Mpiga ngoma hayumo. Hayumo hata mmoja wa wale waliokaa kwenye viti ndani ya studio wakautengeneza ule muziki kwa vidole vyao.

Delmas Spurlock alikuwa na miaka themanini na nne, na akimkumbuka yule farasi bado anaisukuma sahani mbali.

Maana besi ni yeye. Zile noti nne zinazofungua "Maili Nane Kabla ya Pulaski", zinaingia zenyewe, kabla ya gitaa, kabla Conrad hajavuta pumzi, du, du, du, du, zinashuka kama mtu mnene anateremka ngazi za ghala, ni kidole chake kile cha kulia. Zimeuza malori kwenye matangazo. Zimemzika gavana. Ukiingia supamaketi kununua vitunguu unazikuta hukohuko juu ya dari. Na siyo huo wimbo tu. Nashville ilikuwa inarekodi saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, kila kipindi kina urefu wa saa tatu, nyimbo nne, na Delmas alikaa vipindi hivyo kwa miaka thelathini kama mtu aliyefungwa mnyororo. Nyimbo elfu nane na ushee. Asubuhi anampigia mjane, mchana anampigia mlevi, jioni anampigia Yesu. Maneno ya nyimbo hakuwa anayajua. Alikuwa anapewa karatasi ya namba badala ya noti, moja, nne, tano, moja, anapiga namba, anabeba besi yake, anaondoka.

Sasa mwezi wa pili Jumba la Wapiga Studio, makumbusho yao pale mjini, likampigia simu. Wanafungua chumba kipya. Wanataka besi yake ikae kwenye kabati la kioo, jina lake chini. Na siku ya ufunguzi, Jumamosi saa nne asubuhi, apige ule wimbo na wenzake waliobaki hai, kamera zirekodi, video iwe inazunguka pale ukutani miaka na miaka. Delmas akajifanya hajali. Akamwambia binti yake Renda, "Waje waichukue, inakula vumbi tu hapa." Kesho yake asubuhi Renda akamkuta jikoni anatembeza vidole kwenye ukingo wa meza, kimya kimya, kama mtu anayeiba.

Besi ikachukuliwa, miezi mitatu ikapita, na Alhamisi, zimebaki siku mbili, Renda akampeleka mazoezini.

Delmas aliingia kile chumba kipya na fimbo yake, akalipita kabati la kioo, akaenda hatua tano, akasimama. Akarudi. Mle ndani kulikuwa na besi nyekundu inang'aa kama gari la zimamoto.

"Hii ya nani?"

Mkurugenzi akacheka. Anaitwa Preston Vance, jamaa wa miaka arobaini na kitu, kavaa buti za ngozi ya mbuni ambazo hazijawahi kukanyaga hata tope la mvua. "Ya kwako, Bwana Delmas. Nilijua utashtuka. Tuliipeleka kwa bingwa Atlanta, kakaa nayo miezi miwili."

"Kaifanya nini?"

"Kaifufua."

"Fungua kioo."

Wakafungua. Delmas akakaa kwenye stuli, akaiweka pajani. Nyuzi mpya, nne, zinameremeta kama uma za harusi. Akavuta ule mnene kuliko zote.

Tiiiiing.

Sauti ya kinanda cha chekechea. Ikalia, ikaendelea kulia, haina adabu, haijui kunyamaza. Mwisho Delmas mwenyewe akaweka kiganja juu yake, kama unavyomziba mtoto mdomo kanisani.

Hapa ndipo yule fundi wa Atlanta alipokosea, na kosa lake ni la mtu wa gitaa. Mtu wa gitaa, akiwa na shughuli kubwa, anabadili nyuzi. Ni heshima, ni kama kupiga pasi shati. Hakuna aliyemwambia kwamba besi ya studio haiko hivyo. Besi ya studio unaifunga nyuzi mara moja, unaziacha zife, na zikishakufa ndiyo kazi inaanza. Za Delmas zilifungwa mwaka sitini na mbili. Hazikuguswa tena. Kati ya kipindi cha mchana na cha jioni alikuwa anakula kuku wa pilipili, yule wa Nashville anayekaangwa mpaka mwekundu na kuwekwa juu ya mkate mweupe, na hanawi. Anarudi studio na vidole vilevile. Miaka thelathini ya mafuta, jasho na pilipili, nyuzi zikawa nyeusi kama kamba za kisima. Ukivuta, hazilii. Zinasema du, basi, zinafunga mdomo.

"Nyuzi zangu ziko wapi?" aliuliza.

"Zile? Bwana Delmas, zile zilikuwa na kutu. Zilikuwa na, sijui nisemeje, zilikuwa na vyakula."

"Nimekuuliza ziko wapi."

"Zilitupwa."

Delmas akapitisha vidole chini ya kile kifuniko cha chuma kilicho karibu na mkono wa kulia. Akagusa mbao. Mbao tupu, safi, imepigwa polishi. Akatoa mkono.

"Na sponji?"

Vance akamwangalia Renda kama anaomba msaada. "Kulikuwa na kitambaa kimeoza humo chini. Fundi alidhani ni kiota cha panya."

Renda akafumba macho. Alijua.

Maana hicho kiota cha panya alikiweka mama yake. Mwaka ule wa sitini na mbili Renda alikuwa mchanga wa miezi mitatu, na Delmas alikuwa anafanya mazoezi jikoni, kila akivuta besi nyumba inanguruma, mtoto anaamka. Siku ya nne Oleta, mke wake, aliinuka. Alichukua mkasi, akageuza kiti kimoja cha meza ya kulia, akakata kipande cha mto wa kukalia, sponji na kitambaa chake cha maua ya cheri, akakishindilia chini ya nyuzi. "Sasa piga." Akapiga. Sauti ikatoka fupi, nene, imekauka. Mtoto akaendelea kulala. Kesho yake Delmas akasahau kukitoa, akaenda nacho studio, na prodyuza akasema kutoka nyuma ya kioo, "Spurlock, hicho ulichokifanya, usikiguse." Hakukigusa. Ile sauti iliyouza malori na kumzika gavana, ile ambayo vijana wa London na Tokyo wanavunja vichwa wanatafuta aliipataje, ni Oleta alitaka mtoto alale. Na Oleta kafariki, huu ni mwaka wa kumi na moja.

"Panya," alisema Delmas.

"Bwana Delmas, nakuelewa, lakini tuangalie mbele. Hiki chombo sasa ni salama. Kitakaa miaka mia."

"Kitakaa. Hata maiti iliyopakwa dawa inakaa."

"Njoo nikuonyeshe kitu." Vance akatoa kibao cha shaba kwenye boksi, kikubwa kama kitabu cha tenzi. Akakigeuza. DELMAS SPURLOCK, kimeandikwa. Besi iliyobeba mji mzima.

Usifikirie hakikumgusa. Kilimgusa. Miaka yote hiyo na hajawahi kuliona jina lake limeandikwa popote pale muziki ulipo, zaidi ya kwenye sanduku la besi, na hapo aliliandika mwenyewe kwa rangi ya viatu. Alilisoma mara mbili. Akajikuta anataka kulisoma mara ya tatu, na hilo likamtia hasira zaidi kuliko nyuzi.

"Jumamosi kapige hivi hivi," Vance alisema taratibu. "Nani atajua tofauti?"

"Mimi."

"Basi nikwambie ukweli, mzee wangu. Ukinikatalia, nina mpiga besi kijana wa bendi za matamasha, amekaa tayari. Atapiga yeye, na video itakuwa yake. Na kibao nitaandika 'Besi ya Conrad Dell', maana ndiye aliyeishika kwenye picha ya albamu."

Kweli aliishika. Conrad alipigwa picha na besi ya watu kwa sababu nyekundu ilioana na suti. Kaishika kama mwanaume aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Mkataba wa kuwaazima besi unasema naweza kuichukua mpaka siku ya kufungua," Delmas alisema.

"Unasema hivyo, lakini..."

"Renda, leta sanduku."

Njiani walikwama nyuma ya lile toroli la bia la watalii ambalo mabinti wanalikanyaga kama baiskeli, wamevaa kofia za pinki, mmoja wao anaolewa, wote wanapiga kelele. Na spika yao, amini usiamini, ilikuwa inapiga Pulaski. Du, du, du, du. Mabinti wakaimba zile noti kwa midomo.

"Hao hawajui besi ni nini," Delmas alisema. "Wanajua hiyo tu."

"Baba, piga tu Jumamosi."

"Kwa nyuzi zile?"

"Kwa nyuzi zozote. Jina lako liko pale. Nimeliona. Umelilia jina hilo tangu sijaanza shule. Kila Krismasi tunasomewa habari za farasi. Leo wanakupa, unaanza kuchagua."

"Wamekitupa cha mama yako wakakiita panya, halafu niwachekee?"

"Usimwingize Mama." Renda alikuwa kaendesha basi la shule miaka thelathini na moja na sauti yake haikuhitaji kupanda. "Mimi ninayo hasira yangu, Baba, na ni ya zamani kuliko hii. Mama alikula chakula cha jioni na mimi, wewe uko saa kumi na mbili. Siku yangu ya kuhitimu, uko saa nane. Nilikuwa nakusikia redioni ndiyo najua baba yangu mzima. Miaka yote hiyo ulituacha kwa ajili ya ile sauti. Sasa angalau litoke jina, tujue tuliibiwa na nani."

Delmas akageukia dirisha. Toroli likakata kona. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la mtu wa miaka thelathini, na alijua kabisa halifai tena.

Walipofika, alikwenda moja kwa moja jikoni. Vile viti bado vipo. Vinne, kimoja kina pengo kwenye mto tangu mwaka sitini na mbili, vitatu vizima, maua ya cheri yamepauka mpaka yamekuwa kama madoa ya chai. Delmas akafungua droo, akatoa kisu cha mkate, akakishika kile kiti cha dirishani.

"Hapana," Renda alisema.

"Sponji ni ileile. Duka lilelile."

"Hicho ni kiti cha Mama. Kisu kikigusa hapo, Baba, nakwambia ukweli, Jumamosi unaenda kwa miguu."

Wakaangaliana. Mzee na kisu, binti na funguo za gari mkononi. Hakuna aliyeshusha macho. Mwisho Renda akavuta kiti kingine, kile alichokalia yeye akila uji, akifanya hesabu za shule, akisubiri mlango ufunguliwe. Akakigeuza miguu juu. Akachukua kisu mkononi mwa baba yake, akakata mwenyewe, kipande cha upana wa vidole vitatu, vumbi la njano likamwagikia sakafuni.

"Hiki siyo zawadi," alisema. "Nakuazima."

Delmas akakishindilia chini ya nyuzi. Akavuta. Tuiing. Afadhali, lakini bado. Sponji inaziba mdomo tu, haimfundishi mtu adabu. Zile nyuzi zilikuwa hai, safi, zina kiburi. Zilihitaji miaka thelathini na yeye ana siku moja.

Akapiga simu kwa Wick Mabry.

Wick ndiye mpiga ngoma wa ule wimbo, miaka themanini na mbili, goti la chuma, na Cleve Ogburn ndiye aliyepiga lile gitaa la kulazwa mapajani linalolia kama mjane. Katika watu saba waliokuwa chumbani mwaka sitini na sita, wamebaki hao watatu. Ijumaa saa nne asubuhi wakawa wameshafika, maana hawa wazee ukiwaambia saa nne hawaji saa nne na dakika moja. Cleve alikuwa na ndoo mbili za kuku wa pilipili, daraja la mwisho la ukali, lile ambalo dukani wanakuuliza mara mbili kama una uhakika.

"Daktari wangu akijua nimekula hiki," Wick alisema, "atanizika yeye mwenyewe."

"Daktari wako alishakuzika, hujapewa taarifa tu," Cleve alimjibu. "Kula. Siyo wewe unayefanya kazi, ni vidole."

Wakala. Unakula paja, unapiga. Unakula bawa, unapiga. Ukichoka, unampa mwenzako besi, anapaka, anasugua, anavuta. Mafuta mekundu yakashuka kwenye shingo ya besi, yakaingia kwenye mizunguko ya nyuzi, matone yakadondoka juu ya ile polishi ya Atlanta. Wick alikuwa anapiga ngoma kwenye kopo la unga wa mahindi. Saa sita vidole vya Delmas vikaanza kutoka malengelenge, maana ngozi ya kazi ilishaondoka zamani, na pilipili ikaingia humohumo kwenye malengelenge. Machozi yakamtoka. Hakuacha.

"Pumzika, wewe nyumbu," Cleve alisema.

"Ninapiga mpaka zife."

"Utatangulia wewe."

"Basi mnizike nazo. Siyo kwenye kioo."

Cleve akaweka mfupa chini. "Delmas. Kwani unataka nini hasa? Mimi jina langu halimo pia. La Wick halimo. Hatujala mtu."

"Nyie hamna hasira?"

"Tunayo," Wick alisema. "Mimi yangu niliimaliza kwa wake watatu."

Hata Renda, aliyekuwa kasimama mlangoni kakunja mikono, akacheka. Delmas peke yake hakucheka. Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Jina ningelikosa tena, ningeishi," alisema. "Nimezoea. Lakini nilikuwa najiambia, hawanijui mimi, lakini ile sauti wanaijua. Iko pale, hawawezi kuniondolea. Nao wamekwenda wameiondoa, wakaniita nije nishukuru."

Wick akaanza tena kugonga kopo.

Jua lilipofika upande wa pili wa jiko, Delmas akavuta ule uzi mnene, wote wakasogea. Haikuwa ting. Haikuwa du pia. Ilikuwa katikati, kama mtu anayeanza kusahau jina lake.

"Inakufa," Cleve alisema kwa heshima.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi. Chumba kimejaa, na kibao cha Delmas kimeshafungwa kwenye kabati tupu, Vance bado anasubiri besi irudi. Kamera tatu, meya wa kitongoji fulani, wajukuu wa Conrad Dell mstari wa mbele na mikufu yao. Yule kijana wa matamasha amesimama pembeni na besi yake nyeusi mpya, anaona aibu hata kuangalia. Vance akaja mbio na buti zake, akafika hatua mbili kutoka kwa Delmas, pua ikamsimamisha.

"Hii ni harufu gani?"

"Kuku," Delmas alisema.

Vance akaangalia besi. Polishi imekuwa na ukungu wa mafuta, nyuzi zimekuwa rangi ya kutu, chembe za pilipili zimeganda chini ya kila uzi, na pale chini ya kifuniko kitambaa cha cheri kinachungulia. Uso ukambadilika, mweupe, mwekundu, mweupe tena.

"Unajua fundi alitulipisha kiasi gani? Umeharibu kitu cha historia."

"Historia ni mimi. Kitu ni hiki. Nimekiharibu mara ya pili, mara ya kwanza hamkulalamika."

"Hii haipigwi leo. Mtu alete kitambaa na spiriti. Na wewe kijana, chomeka besi yako, tutaanza saa nne na nusu. Naomba wageni watuwie..."

Hilo ndilo alilokosea Vance, maana hajawahi kukaa kipindi hata kimoja. Saa nne ni saa nne. Katika mji huu, mshale ukifika pale, aliyekaa kwenye kiti anapiga, awe na homa, awe katoka mazishini, awe na prodyuza anayepayuka. Wazee watatu, kila mmoja kwenye kiti chake, waliinua macho kwenye saa ya ukutani kwa pamoja, bila kupanga, kama ng'ombe wanaosikia geti. Mshale ukafika. Wick akagonga vijiti vyake, moja, mbili, tatu, nne, na Vance bado mdomo uko wazi.

Du. Du. Du. Du.

Siyo ileile. Tuseme kweli, siyo ileile, miaka thelathini haiingii kwenye ndoo mbili za kuku. Mwisho wa kila noti kulikuwa na mlio kidogo, kama sindano imeanguka chumba cha pili. Lakini ilikuwa fupi, nene, na imekasirika, jamani, ilikuwa imekasirika kuliko ile ya mwaka sitini na sita, na mle ndani watu walikaa wima bila kujua kwa nini. Mlinzi wa mlangoni, mwanaume mkubwa wa miaka sitini, akageuka mzima mzima, akasema peke yake, "Ni huyu." Cleve akaingia na ule mlio wa mjane. Wakaupiga wote, dakika mbili na sekunde arobaini, mara moja tu, kama zamani. Yule kijana wa matamasha alikuwa ameshaweka besi yake sakafuni, anaangalia mkono wa Delmas kama anaangalia moto.

Walipomaliza makofi yakalipuka, na Vance, ninaapa, Vance alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Kamera zilikuwa zimechukua kila kitu.

"Ajabu," alisema. "Ajabu kabisa. Nakubali. Nilikosea. Tunaiacha hivi hivi, na mafuta yake, na hadithi ya kuku tutaiandika. Watu watapenda." Akapokea besi kutoka mikononi mwa Delmas, kwa uangalifu, kama anapokea mtoto, na akiwa anaelekea kwenye kabati, mkono wake wenyewe ukaenda mfukoni, ukatoa leso, na kabla hajajua anafanya nini, akafuta shingo ya besi. Mara moja tu, juu mpaka chini. Akaangalia leso, imekuwa nyekundu, akakunja uso.

Renda aliona. Delmas aliona.

"Lete hapa," Delmas alisema.

"Nini?"

"Lete besi yangu hapa."

"Bwana Delmas, ilikuwa bahati mbaya, ni mkono tu..."

"Najua ni mkono. Mkono wako hauwezi kuacha. Leo leso, kesho kitambaa, mwaka kesho Atlanta. Lete." Akainyang'anya, siyo kwa nguvu, maana hana, lakini Vance aliachia. Delmas akapiga magoti taratibu, goti moja, goti la pili, akailaza besi kwenye sanduku lake lenye jina la rangi ya viatu, akafunga vibanio. Klaki. Klaki.

"Ukiondoka nayo, hakuna kibao," Vance alisema, sauti ya chini ili wajukuu wa Conrad wasisikie. "Na video sitaionyesha. Nakwambia mapema."

"Kibao kiko wapi?"

Vance akageuka. Kabati la kioo lilikuwa wazi, na pale mbele pa kibao kulikuwa na matundu mawili ya skrubu. Renda alikuwa ametia bisibisi ndani, anafunga zipu ya mkoba wake mkubwa, ule aliobebea miaka yote makoti yaliyosahaulika kwenye basi.

"Mama yangu alikata sponji," Renda alisema. "Mimi nimekata sponji. Hili jina tumeshalilipia. Ukilitaka, njoo nyumbani ulichukue, kuna kiti cha kukaa, kina pengo kidogo."

Wick alianza kucheka, akakohoa, ikabidi Cleve ampige mgongoni. Vance alibaki katikati ya chumba chake kipya, leso nyekundu mkononi, nyuma yake kabati tupu lenye taa nne zinamulika hewa, na wageni wanaanza kusogea waone kuna nini.

"Sasa mimi humu ndani nitaweka nini?" alisema.

Delmas alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwa binti yake, na vidole vyote vinawaka moto.

"Weka farasi," alisema.